Mhitimu Namba Tisini A

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, waliohudhuria na waliotoa udhuru, kwamba tangu kamera ibuniwe hadi Alhamisi ile saa tatu asubuhi, dunia ilikuwa haijapata mpangaji wa picha hodari kumzidi mama mmoja mstaafu aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Masijala. Kompyuta zilikuwa zikimsubiri. Diski zilikuwa zikimsubiri. Picha zenyewe, zilizolundikana kama nguo chafu za bweni zima Jumapili jioni, zilikuwa zikimsubiri kwa hamu kubwa.

Kwa wakati huo Masijala mwenyewe alikuwa amekishika kipanya cha kompyuta nyuma mbele, akikigombeza kwa nini anakipeleka kulia nacho kinakwenda kushoto.

"Hiki kidude kina ukaidi," alisema.

"Mama, umekigeuza," binti yake alijibu bila kuinua macho.

"Sikukigeuza. Nimekikuta hivihivi."

Binti alinyoosha mkono, akakigeuza, akaendelea na kazi yake. Masijala alikisogeza kulia, kikaenda kulia. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeombwa msamaha na mkosaji wake.

Jina la Masijala hakupewa na wazazi. Alilipata kwa jasho lake, katika ofisi moja kubwa ya serikali, kwenye masijala, chumba cha chini kisicho na dirisha ambako majalada yote ya ofisi hupokelewa, hupewa namba na hutunzwa. Alikaa humo miaka thelathini na mmoja. Mabosi walikuja na kuondoka, wengine kwa heshima na wengine kwa mlango wa nyuma, lakini hakuna jalada lililopotea mikononi mwake, hata moja. Alipostaafu walimzawadia saa ya ukutani na hotuba ndefu, wakampeleka nyumbani akapumzike.

Kupumzika kulimshinda. Mwezi haujaisha, kila kopo jikoni lilikuwa na namba. Sukari ilikuwa JK/1, chumvi JK/2, na aliyetaka majani ya chai ilimbidi aseme anayapeleka wapi na atayarudisha lini. Makopo yalipokwisha alianza viatu. Viatu vilipokwisha alikaa kwenye kochi, akashika tama, akawa anaitazama ile saa ya ukutani. Binti yake alimkuta hivyo siku moja mchana na hakuipenda kabisa hali ile.

Binti huyo alikuwa mpiga picha, tena fundi kwelikweli. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kati ya fundi cherehani na duka la vioo: pazia jeupe ukutani, taa mbili zenye miavuli, stuli, meza ya kompyuta, na feni iliyolia kama inadai kitu. Nyuma ya kamera hakuwa na mpinzani. Shida ilianza akishaiweka kamera mezani. Picha zake zote zilikaa katika folda zenye majina kama "Mpya", "Mpya 2", "Mpya kabisa", "Usifute", "Usifute hii ndiyo", na "Harusi ya yule". Mwaka uliopita bwana harusi mmoja alisubiri picha zake wiki mbili. Zilipatikana ndani ya folda iliyoitwa "Matofali", kwa sababu asubuhi ya siku ile ya harusi mpiga picha alipitia kwanza kiwanda cha matofali. Bibi harusi hakuchekeshwa na habari hiyo hata kidogo.

Ndipo mpiga picha alipomwambia mama yake, "Njoo unisaidie kupanga. Kazi moja tu kwanza, tuone."

"Tuone nini?"

"Mama, haya mambo ni ya kompyuta. Si majalada ya kamba. Kazi ya mahafali ya chuo cha uuguzi inakuja. Ukiimudu, kiti ni chako. Ikikushinda, usinune, urudi nyumbani ukapumzike."

Masijala alilisikia lile neno la mwisho. Ukapumzike. Aliiona ile saa ya ukutani. Aliyaona makopo.

"Haitanishinda," alisema, na jioni ileile akanunua daftari kubwa lenye jalada gumu.

Palikuwepo pia mjukuu, mtoto wa mpiga picha, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni. Huyu alikuwa kijana wa kidato cha tatu, mpole, msikivu, mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano. Barua aliyokabidhiwa na mwalimu wa nidhamu aipeleke nyumbani bila shaka ingethibitisha haya yote, ila kwa bahati mbaya ilipotea njiani. Siku ya mahafali alibeba begi la lenzi, akasimama pale alipoambiwa asimame, na mengine hayana umuhimu. Tuendelee.

Mahafali yalifanyika Jumatano. Wahitimu mia moja sitini na wanne walivaa majoho meusi na kofia bapa, wakaitwa mmoja mmoja kufuata orodha, wakapanda jukwaani upande wa kushoto, wakapeana mkono na mgeni rasmi, wakapokea karatasi tupu iliyoviringishwa na kufungwa utepe (vyeti vyenyewe walivichukua ofisini baadaye), wakashuka upande wa kulia. Mpiga picha alikuwa chini ya jukwaa, jicho moja limefumba na jingine limeganda kwenye kamera. Kila mhitimu alipigwa picha si chini ya kumi. Ahadi kwa mkuu wa chuo ilikuwa nyepesi kuitamka: Ijumaa saa sita mchana, kila mhitimu apate picha yake moja nzuri, ikiwa na jina lake chini.

Basi Alhamisi saa tatu, kipanya kikiwa kimeshatubu, Masijala alianza.

"Kadi za kamera hazifutwi," alitangaza, "mpaka ziwe na nakala tatu."

"Tatu! Mama, mbili zinatosha."

"Tatu. Moja ndani ya kompyuta. Moja kwenye diski ya kabatini. Ya tatu kwenye diski nitakayotembea nayo." Akaionyesha: ndogo, nyeusi, imefungwa kwenye leso, inaingia mkobani kati ya kasha la miwani na peremende.

"Ya nini yote hiyo?"

"Studio ikiungua, mkoba ninao."

"Na mkoba ukiibwa?"

"Basi studio haijaungua."

Mpiga picha alichomeka kadi ya kwanza. Mtoto wake mpole alicheka, akatazamwa, akaacha.

Picha zilikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na nane. Masijala aliziandika daftarini kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi. Kisha akaanza kuzipitia moja moja, uso umekaribia kioo, miwani imeshuka puani. Zilizofumba macho alizitoa. Zile ambazo mgeni rasmi alipiga mwayo alizitoa, na zilikuwa nyingi, maana mgeni rasmi alichoka kuanzia mhitimu wa arobaini hivi na hakupata nafuu tena. Lakini hakufuta hata moja. Zote alizihamishia kwenye folda aliyoiita "Ngoja".

"Hizo futa, Mama. Zinajaza nafasi."

"Zitakaa siku thelathini. Mtu hafukuzwi kazi siku aliyoripoti."

Walipofika kwa mhitimu wa hamsini na saba, wakagombana. Palikuwa na picha mbili nzuri. Ya kwanza ilikuwa safi kama maji ya kuchemsha, kila uzi wa kishada cha kofia unahesabika. Ya pili ilikuwa na ukungu kidogo, lakini nyuma kabisa, juu ya vichwa vya watu, mwanamke mmoja alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono hewani, mdomo wazi, mtandio umemvuka kichwani.

"Chukua ya kwanza," mpiga picha alisema. "Ni kali zaidi."

"Kali kwa nani? Huyu wa kwenye kiti ni nani?"

"Mama yake, nadhani."

"Na atakayeitundika ukutani ni nani?"

Mpiga picha aliitazama ile ya pili muda mrefu. Alikuwa ameipiga yeye mwenyewe na hakuwa ameiona. "Chukua ya pili," alisema taratibu, na tangu hapo hakubisha tena juu ya picha ipi ibaki.

Saa tisa alasiri uteuzi ulikwisha. Mhitimu mmoja, picha moja, zimejipanga kwenye skrini safu kwa safu kama wanafunzi mstarini, ila hawa walikuwa wamechana nywele. Masijala alijiegemeza, akakunja mikono, akazitazama. Kwa mara ya kwanza tangu ile hotuba ndefu ya kumuaga, kifua chake kilijaa. Alitamani wenzake wa chumba cha chini wamwone.

"Sasa majina," alisema.

Hapo kompyuta ilikuwa bingwa. Mpiga picha alichukua orodha ya chuo, majina mia moja sitini na manne kwa mpangilio uleule walioitwa, akaiamuru kompyuta iipe kila picha namba na jina: ya kwanza jina la kwanza, ya pili jina la pili, mpaka mwisho. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Na chini kabisa, peke yake, ikabaki picha moja isiyo na jina.

"Hii ni ya nani?" Masijala aliuliza.

"Umechagua mtu mmoja mara mbili, Mama."

"Sijachagua."

"Majina mia moja sitini na manne. Picha mia moja sitini na tano. Hesabu mwenyewe."

Masijala alihesabu kwa kidole, kioo kikajaa alama za vidole. Mia moja sitini na tano. Akazipitia upya, sura kwa sura, akitafuta aliyejirudia. Kulikuwa na mapacha, akawatenganisha kwa hereni. Kulikuwa na watu sita hivi waliovuta kofia mpaka kwenye nyusi, kama wanaokimbia wadai wa chuo kizima, na hao aliwatambua kwa mabega tu. Hakuna aliyejirudia. Saa kumi na moja ikafika, na picha moja ilikuwa bado inamwangalia bila jina.

"Bibi," mjukuu alisema kwa sauti ya upole usio wa kawaida, "si uifute hiyo ya mwisho tu? Mambo yaishe."

Masijala aligeuka kwenye kiti. "Mume wangu, njoo hapa. Unaona huyu wa mwisho? Ana uso?"

"Anao, Bibi."

"Alisoma miaka mitatu?"

"Nadhani."

"Sasa nikimfuta yeye, jina lake anabaki nalo nani? Kuna mtu mmoja kaingia katikati ya mstari. Kuanzia hapo kila mtu kavaa jina la jirani yake. Tukizipeleka hivi, watu wazima wataenda nyumbani na sura za wenzao." Alivua miwani. "Na mbona leo una adabu hivyo? Unaumwa?"

"Hapana, Bibi."

"Niletee chai."

Aliiendea mbio. Hakuna aliyewahi kumwona akiiendea chai mbio namna ile.

Ijumaa asubuhi mpiga picha aliingia studio amekaza uso. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira, Masijala angeijibu. Alikuwa na huruma, na huruma haina jibu.

"Mama, saa sita natoka hapa na diski. Kama majina hayajakaa sawa, nitawapelekea picha bila majina, watafutane wenyewe. Wala si kosa lako. Umejitahidi sana."

"Halafu?"

"Halafu... utapumzika."

Feni ililia. Masijala alilifungua daftari lake. "Karani wa chuo anakuja hapa saa tatu. Nimempigia. Nipe mpaka saa sita yako."

Karani wa chuo alikuwa mama mnene mchangamfu aliyewajua wahitimu wote kwa sura, kwa sauti na kwa visingizio. Aliingia akihema, akatangaza ana nusu saa tu na mkuu anamngoja, akaketi kwenye stuli ikalalamika.

"Haya, tuanze na namba moja," alisema.

"Tukianza na moja tutamaliza Jumatatu, dada yangu," Masijala alijibu. "Hili nalijua. Jalada likikaa pasipo pake kati ya mia, hufungui la kwanza. Unafungua la katikati. Likiwa sawa, nusu nzima umeshaiacha nyuma. Nionyeshe themanini na mbili."

Mpiga picha aliileta kwenye kioo. Karani aliinama.

"Ndiye. Jina lake hilohilo. Huyu alikuwa anachelewa hata kwenye mitihani."

"Kuanzia moja mpaka hapa wako salama. Mia moja ishirini na tatu."

"Siye!" Karani aliruka. "Huyu ni wa mia moja ishirini na mbili. Jina mmempa la yule mrefu."

"Kwa hiyo kaingia kati ya hapo na hapo. Mia moja na mbili."

"Siye. Huyu wa mia na moja."

"Tisini na mbili."

"Siye, huyu tisini na moja. Ehe! Mama, wewe ni mpelelezi?"

"Mimi ni masijala," alisema Masijala, na mgongo wake ulinyooka kwa sentimita kadhaa. Mpiga picha alikuwa amesimama nyuma yake, ameacha kutazama saa. Mjukuu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Vikombe vilikuwa vinagongana kidogo, pengine kwa sababu ya feni.

Masijala hakuita namba nyingine. Aliichukua orodha ya karatasi, akaipekua, akalamba kidole, akasimama hapohapo. "Hii orodha, kila ukurasa una majina thelathini. Msomaji alikuwa nani?"

"Makamu wa mkuu," alisema karani. "Tena alitutesa! Kila akimaliza ukurasa anatafuta miwani, analowesha kidole, anatenganisha karatasi zilizogandana. Tunakaa kimya kama tuko msibani."

"Ukurasa wa tatu unaishia tisini." Masijala aliiweka orodha mezani. "Ningekuwa mtu wa kujipenyeza, ningejipenyeza hapo. Hajaitwa mtu, jukwaa liko wazi, na mgeni rasmi ameshachoka, atampa mkono hata nguzo. Nionyeshe tisini na moja."

Picha ikaja. Joho jeusi, refu mno, linaburura. Kofia imevutwa mpaka puani, kidevu kimezama kifuani. Mgeni rasmi anampa mkono huku anatazama pengine, mwayo uko njiani.

Karani alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akarudi nyuma. "Huyu," alisema, "simjui. Huyu si wetu."

"Nimempata," alisema Masijala.

Mpiga picha alipiga ukelele, akamkumbatia mama yake kwa nyuma pamoja na kiti chake. Karani akapiga makofi. Masijala peke yake hakupiga kelele. Aliikuza ile picha, akaikuza tena, akashuka nayo polepole kutoka kwenye kofia hadi kwenye joho, hadi kwenye ngazi ambako joho lilikuwa limenyanyuka kidogo. Akatazama. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa mtandio, akaivaa, akatazama tena.

"Mama? Nini?"

"Kazi kwanza," alisema. "Wanaongoja wapate picha zao."

Aliichomoa picha ile kwenye mstari. Hakuitupa. Aliipa namba kwa mujibu wa kanuni aliyoitumia miaka thelathini na mmoja kila karatasi ya ziada ilipojitokeza kati ya mbili zilizokwisha kupewa namba: haikuwa ya tisini, haikuwa ya tisini na moja, ikawa 90A. Mpiga picha akaiamuru kompyuta iyapange majina upya, na watu sabini na wanne walirudi nyuma hatua moja, kila mmoja akaingia ndani ya jina lake kama anavyoingia kitandani mwake. Chini kabisa hakubaki mtu. Karani alichagua majina kumi kwa kufumba macho na kugusa orodha, na yote kumi yakawa na sura zake. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Alikuwa amechelewa na hakujali.

"Dada," karani alimwambia mpiga picha akiwa mlangoni, "huyu mama yako usimwache atoke hapa."

Saa sita diski ilifika chuoni. Saa saba mpiga picha alirudi amejaa maneno, anasimulia jinsi mkuu alivyoifungua ile ya hamsini na saba, akamwona mama juu ya kiti, akaikuza amwone vizuri. Alisimulia yote hayo huku akikisukuma kiti cha Masijala kutoka pembeni ya meza mpaka dirishani, penye mwanga mzuri. Akalisogeza na daftari lake hapo. Akavuta droo ya juu, akatoa vikorokoro vyake vyote, akaiacha tupu.

"Hiyo ni yako," alisema. "Na kesho tunaanza na zile folda za zamani. Zote. Hata 'Matofali'."

Masijala alikaa kwenye kiti chake, dirishani kwake, mbele ya droo yake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na alionekana kama mtu aliyepata ajira ya kwanza. Alikaa hivyo kwa dakika nzima, akiifurahia. Kisha akalifungua daftari, akapiga mstari kwa rula, akaandika: 90A. Mhitimu asiyejulikana. Safu ya jina akaiacha wazi. Safu ya maelezo akaiacha wazi.

"Mume wangu," aliita bila kugeuka. "Njoo."

Mjukuu alikwenda.

"Nitazamie hii. Macho yangu yamezeeka." Alikuwa ameirudisha ile picha kwenye kioo, imekuzwa pale kwenye ngazi. "Hiyo suruali chini ya joho. Pindo lake limeshushwa, maana mwenyewe karefuka. Unaona uzi?"

"Naona, Bibi."

"Rangi gani?"

"Buluu."

"Suruali nyeusi, uzi wa buluu. Mshonaji gani huyo hana aibu?" Alimgeukia sasa, na kidole chake kikashuka mpaka kwenye mguu wa mjukuu, kwenye pindo alilolishona yeye mwenyewe siku ya pili ya likizo, uzi mweusi ulipomwishia. "Mimi hapa. Sina aibu. Na wewe je?"

Mpiga picha aliacha kupanga vikorokoro. 

Masijala akamnyooshea kalamu yule kijana mpole, msikivu, mwenye nidhamu ya kupigiwa mfano.

Nikaipokea.

"Jaza," Bibi alisema.

Nilijaribu kwanza kutumia elimu. Nilieleza kwamba nyuma ya jukwaa kulikuwa na sanduku la majoho ya akiba, kwamba nililijaribu moja kwa nia njema ya kuona kama lina mikunjo, kwamba msimamizi wa mstari alinidhania mhitimu, na kwamba nilisukumwa.

"Nani alikusukuma?"

"Sikumwona vizuri, Bibi. Kofia ilinifunika macho."

"Jina lake nani?"

Nilimtazama Mama. Mama aliniangalia kwa jicho lile ambalo kamera huwa inalificha. Nikamtazama Bibi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja, kama yalivyongoja majalada yake yote, na nilijua anaweza kungoja miaka thelathini na mmoja.

"Hakuna aliyenisukuma," nilisema.

"Andika basi. Mimi nahifadhi kilichoandikwa."

Niliandika jina langu kwenye safu ya jina. Kwenye safu ya maelezo niliandika kwamba nilipanda mwenyewe, makamu alipokuwa akilowesha kidole, kwa sababu niliwaahidi wenzangu wa bweni kwamba likizo hii nitahitimu chuo. Nilidhani imetosha. Bibi alisoma, akaigonga nafasi iliyobaki kwa kucha.

"Na jana?"

Hapo ndipo pagumu. Maana jana, picha ile moja ilipobaki bila jina, nilijua tangu dakika ya kwanza. Neno langu moja lingemaliza kila kitu kabla ya chai. Badala yake nilimwambia afute ya mwisho. Na leo asubuhi, Mama alipotamka lile neno la kupumzika, nilikuwa palepale na sinia, na bado sikufungua mdomo. Nilikuwa naogopa adhabu, hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilitaka pia kuona kama ataweza kunipata.

Niliandika hayo. Mwandiko ulienda upande. Nilipofika mwisho nilikuwa na sentensi moja zaidi, ambayo haikuombwa na haina safu yake, nikaibana pembeni kwa herufi ndogo: kwamba alinipata kwa maswali manne na pindo moja, na kwamba shuleni kote, pamoja na mwalimu wa nidhamu, hakuna mwenye uwezo huo.

Bibi aliisogeza miwani, akaisoma polepole mpaka pembeni kabisa. Akachukua kalamu, akatia saini, akaweka tarehe.

"Sasa," alisema, "niambie kuhusu mwalimu wa nidhamu."